Terre Iko Jikoni

Alimnyanyua binti yangu kwa makwapa, kama mtu anayenyanyua mbuzi kumwonyesha mnunuzi. Akamshika mkono wa kulia, akaubandika kwenye sufuria ya maji niliyokuwa nimeiteleka muda huo huo, hata moto haujashika vizuri.

"Munaona?" komanda wa boti aliwaambia watu wote. "Inapiga wapi? Haina kitu. Mutoto iko muzima. Mama yake njo mugonjwa. Mugonjwa ya kichwa."

Watu walicheka. Wanaume waliokaa juu ya magunia ya chumvi walipiga makofi. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Hakulia. Alinitazama tu, mkono umebanwa kwenye sufuria, mwili wote ameukaza kama mtu anayesubiri sindano.

Komanda alikuwa amevaa buti za mpira mpaka magotini. Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia hewani. Maana ya mambo hayo mawili nilikuwa nimeshaijua, na nilikuwa nimemweleza mara tatu, polepole, kwa heshima, nikimwita papa.

Siku ile heshima iliisha. Nilimpokonya mtoto, nikamkabidhi mama mmoja wa Yanonge aliyekuwa jirani yangu pale botini, nikapanda ubao mpaka nchi kavu. Waya wa umeme ulitoka kwenye boti yetu, ukapita juu ya matope ukiwa umefungwa kwenye vijiti, ukaingia kwenye ukuta wa depo ya vinywaji. Niliufuata mpaka kwenye prise, pale unapochomekwa ukutani, nikashika plastiki yake, nikang'oa.

Kelele zilianza nyuma yangu kabla sijageuka. "Eh! Nani amekata courant? Téléphone yangu iko inacharger!"

"Ni mimi," nilisema. Nilirudi botini, nikachukua mwiko mkubwa wa kupondea lituma, zile ndizi za kuponda, nikaanza kuchota udongo wa jiko na kuumwaga mtoni. Udongo, majivu, vijinga, kila kitu. Ndani ya udongo kulikuwa na waya wa shaba, mtupu, umekunjwa kama nyoka aliyelala. Nao niliurusha nje, ukabaki unaning'inia ubavuni mwa boti.

Fundi wa mashine alishika kichwa kwa mikono miwili. Sitasahau alichosema, kwa sababu alikisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeibiwa:

"Komanda! Ametupa terre yetu ndani ya maji!"

Hapo lazima nieleze. Mtu ambaye hakuwepo atafikiri nilirukwa na akili, na wapo waliokuwepo ambao wanafikiri hivyo hata leo.

Mimi ninauza. Nilimaliza shule ya sekondari, nina diploma yangu ya Serikali ndani ya bahasha ya plastiki, na ninauza sabuni, chumvi na nguo za mitumba. Ninashuka na boti kutoka Kisangani mpaka Barumbu, ninauza, ninarudi na samaki wa moshi. Baba wa mtoto yuko upande wa Bafwasende, kwenye mashimo ya dhahabu. Akipata mtandao ananipigia simu, anauliza mtoto amekula nini. Basi mtoto ninatembea naye. Sina mahali pengine pa kumweka.

Boti zetu ni za mbao, ndefu, zina mapaa ya turubai. Haziondoki siku iliyoandikwa. Zinaondoka zikijaa. Komanda anasema kesho, na kesho anasema kesho. Ukishuka kwenda kulala mjini, utakuta nafasi yako imekaliwa na mitungi ya mafuta ya mawese ya mtu mwingine. Donc unabaki. Unalala juu ya mizigo yako, unaogea mtoni, unapika kwenye jiko la boti. Safari hii tulikaa hivyo wiki tatu, tumefungwa kamba kwenye ukingo, bila kusogea hata mita moja.

Jiko la boti ni kitu cha kujua vizuri, kwa sababu mambo yote yalitokea pale. Huwezi kuwasha moto juu ya mbao. Kwa hiyo nyuma kabisa, karibu na mashine, wanaweka bati pana, juu ya bati wanajaza udongo wa mfinyanzi, na juu ya udongo ndiyo kuni na vyuma vya kutelekea sufuria. Wanawake wote tunapikia pale, kwa zamu, tukigombana. Chini, miguuni, kuna maji. Boti ya mbao haikosi maji ndani. Yanaingia polepole kwenye viungo, na kila asubuhi fundi anayateka kwa ndoo na kuyarudisha mtoni, na mchana yamerudi tena mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Bon. Wiki ya kwanza, mwenye boti alileta frigo. Alitaka kuuza bia baridi na maji baridi kwa sisi tunaosubiri, na mimi nikasema vizuri sana, joto lilikuwa linatuua. Nakiri hapa: nilifurahi. Nilikuwa wa kwanza kuchomeka téléphone yangu. Walikubaliana na depo, wakaleta fundi wa umeme, tonton mmoja, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alivuta waya kutoka ukutani mpaka botini, akafunga prise tano kwenye ubao, akachomeka frigo. Siku za délestage, umeme wa mji ukikatika, wangewasha groupe, ile mashine ndogo ya petroli iliyokaa juu ya paa la kibanda, na frigo ingeendelea.

Tonton alipomaliza alibaki na waya mmoja mkononi, wa njano na kijani. Mtu aliyekuja kumchukua alikuwa anamharakisha, pikipiki ilikuwa inangoja. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia komanda:

"Hii njo ya terre. Kama hamuitie mu terre, kazi yangu yote ni bure. Munaelewa?"

"Tunaelewa," alisema komanda.

Tonton akapanda pikipiki, akaenda.

Komanda na fundi wa mashine walisimama na ule waya. Waliangalia huku na huku. Boti yote ni mbao, na chini ni maji.

"Terre tutaipata wapi katikati ya maji?" aliuliza fundi.

Komanda alifikiri, kisha uso wake ukang'aa kama mtoto aliyepata jibu la hesabu. "Terre iko jikoni!" akasema.

Wakaumenya ule waya, wakaukunja, wakauzika ndani ya udongo wa jiko, chini ya vyuma vya sufuria. Wakausindilia vizuri. Komanda akanawa mikono. Mimi nilikuwa pale nikichambua pondu, majani ya muhogo. Nilisoma fizikia kidogo shuleni, pazia la dirisha likipeperuka na mwalimu akiandika bila kugeuka. Neno terre, ile ya umeme, niliandika mtihanini. Nikawatazama wanaume wawili wakizika waya mahali ninapopikia chakula cha mtoto, nikaendelea kuchambua. Nilifikiri, wao ndio wanajua.

Siku ya nne au ya tano, binti yangu alianza kukataa jikoni. Nilikuwa nikimtuma mambo madogo, niletee kijiko, shika kifuniko, ili ajifunze. Alishika kifuniko cha sufuria, akakiachia, kikaanguka majini.

"Inauma," alisema.

"Ni moto?"

"Apana. Inauma."

Nilishika kifuniko. Kilikuwa vuguvugu tu. Nilishika sufuria. Hakuna kitu. Nilikuwa nimevaa sapatu zangu za plastiki, zile kandambili nene. Yeye alikuwa pekupeku, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu.

"Unajifunza uongo?" nilimwambia. Nikampiga kofi mkononi, mkono ule ule.

Siku iliyofuata alisema tena, nikampiga tena. Baadaye akaacha kusema. Ila chakula chochote kilichotoka kwenye sufuria hakutaka. Alikula kwanga, mkate wa muhogo, na ndizi mbivu peke yake, akikaa mbali kabisa, mbele ya boti, juu ya gunia la mtu. Nikasema mtoto ameanza kiburi. Nilichoka, jamani. Sisemi hivyo kujitetea. Ninasema nilichoka tu, wiki mbili ukingoni, mvua ikiingia, nzi, redio nne zikiimba nyimbo nne.

Kisha ikampiga mama wa Yanonge.

Huyu ni mama mzito, mtaratibu, amezaa tisa, amezeeka kwenye mto huu. Sapatu yake ilikatika kamba asubuhi ile, akaja jikoni bila viatu. Alishika sikio la sufuria yake, na nikaona mwili wake wote ukiruka nyuma kama aliyevutwa na kamba. Alikaa chini ndani ya maji, puu! Mdomo wazi.

"Nani ametia kitu mu sufuria yangu?" alisema alipopata pumzi. "Nani?"

Mama wawili wengine walikiri hapo hapo: hata wao ilikuwa inawauma, siku nyingi, walikuwa wanaona haya kusema. Mmoja alifikiri ni ndoki, uchawi wa mke mwenzake. Wa pili alifikiri ni presha. Kila mmoja alikuwa amenyamaza na sufuria yake.

Nilimwangalia binti yangu kule mbele, akila ndizi.

Tangu hapo nilianza kuangalia, kama mtu anayemvizia mwizi. Siku tatu niliangalia. Ukivaa sapatu kavu, hakuna kitu. Ukiwa pekupeku ndani ya maji, inakupiga. Ukikaa juu ya gunia, miguu juu, hakuna. Na jambo lililonishangaza zaidi: umeme wa mji ukikatika na groupe ikiwashwa, sufuria inatulia, hata pekupeku. Umeme wa mji ukirudi, sufuria inarudia uchungu wake. Frigo ikichomolewa, inaisha kabisa.

Nilimpelekea komanda maneno hayo mara ya kwanza. Akasema, "Mbao haishikaka courant, mama. Hata mutoto ya shule anajua." Mara ya pili akasema umeme wa mji ni mkali, groupe ni mpole, ni tabia. Mara ya tatu aliniuliza kama mume wangu anajua ninavyoongea na wanaume. Na asubuhi iliyofuata ndipo alipomnyanyua mtoto wangu mbele ya watu, na buti zake miguuni, kuonyesha kwamba mimi ni mwongo.

Nilimwaga ule udongo wote. Sikubakiza hata kikombe.

Unajua walichofanya? Kabla jua halijawa kali, fundi wa mashine alishuka ukingoni na ndoo, akachota udongo mpya, mzuri, mwekundu, akajaza bati tena, mwingi kuliko wa kwanza. Akauvuta ule waya uliokuwa unaning'inia, akauzika upya. Komanda alisimama juu yake akimwambia azidishe.

"Ya kwanza ilikuwa kidogo, njo maana ilikuwa inapiga," alisema. "Sasa terre iko mingi."

Kisha akaenda kuchomeka waya kule ukutani mwenyewe.

Nilikaa juu ya mizigo yangu na mtoto mapajani. Mama wa Yanonge alikuja akakaa karibu, akijipepea na kifuniko cha katoni.

"Mwanangu, uache," alisema. "Tutavaa sapatu. Juma lijalo tutaondoka, waya utabaki hapa."

"Wakati watu wanaoga pale pembeni ya boti, mama? Watoto wanaruka majini kutoka kwenye usukani?"

"Nimesema tuvae sapatu, sijasema nina akili ya dunia yote." Alijipepea. "Ukigombana na komanda atakushusha. Mimi pia ataniuliza mbona nakaa na wewe. Niko na mizigo mingi humu."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lilinichosha kupita yote, kwamba kila mtu aliyeniambia niache alikuwa na haki.

Nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, mtoto mbele yangu, nikamtafuta yule tonton wa umeme. Nilimkuta kwenye atelier ya useremala, amelala chini ya mashine ya kupasua mbao, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Tonton, shikamoo. Ni mimi wa kule kwenye boti ya frigo."

Miguu ikasema, "Frigo imekufa?"

"Frigo iko mzima. Sisi ndio tunakufa."

Akatoka, akafuta miwani. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye jiko, alinizuia kwa mkono.

"Waliweka wapi?"

"Ndani ya udongo wa jiko. Ulisema waitie ndani ya terre."

"Nilisema terre. Sikusema udongo!"

"Na udongo kwa Kifaransa unaitwa nini, tonton?"

Seremala aliyekuwa akipiga randa alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Unaitwa terre," alisema tonton, kwa sauti ndogo.

Alikaa juu ya gogo, akanieleza, na aliponieleza niliona kama aibu kwamba ni jambo rahisi hivyo. Frigo ile ni kuukuu, ndani kuna waya unaogusa bati lake. Umeme unaovuja unatafuta njia ya kurudi ardhini, ardhi yenyewe, hii dunia tunayokanyaga. Ule waya wa njano na kijani ungechomekwa kwenye chuma kirefu kilichopigiliwa ukingoni, kwenye udongo mbichi wa nchi, umeme ungepita huko, na disjoncteur, kile kifaa cha kukata, kingeruka na kukata. Lakini udongo ndani ya bati juu ya mbao si ardhi. Ni mzigo wa boti tu. Hauendi popote. Kwa hiyo waya uliuchukua umeme wa frigo ukaupeleka kwenye sufuria zetu, ukaukalisha pale, unangoja. Anayekuja pekupeku, amesimama kwenye maji yanayogusana na mashine, na mashine inagusana na mto, huyo ndiye anakuwa njia.

"Na groupe?" niliuliza. "Mbona groupe haipigi?"

"Groupe haijafungwa na ardhi. Umeme wake unarudi kwenye groupe yenyewe, hauna deni na mto. Umeme wa mji umefungwa na ardhi kule unakotoka. Lakini usiamini groupe vilevile. Siku watakayochomeka vyote viwili pamoja, ondoka."

"Tonton, disjoncteur uliwafungia?"

Alitazama chini. "Walisema wataleta. Niliacha nafasi yake. Nilifunga waya moja kwa moja nikingoja."

"Ukingoja."

"Pikipiki ilikuwa inanipigia honi, mwanangu."

Sikumtukana. Ni mzee, miwani yake imefungwa uzi. Nilimwomba aniandikie karatasi inayosema hayo yote. Akasema kuandika hapana, mwenye boti ni mtu mkubwa, humpa kazi. Alinipa kitu kingine: bisibisi yake ya kupimia, yenye taa ndogo ndani ya mpini. "Gusa sufuria nayo. Ikiwaka, waonyeshe. Uvae sapatu, na urudishe."

Nilirudi botini, nikaita watu. Niligusa sufuria, taa ikawaka, nyekundu, kila mtu akaiona. Niligusa chuma cha kutelekea, ikawaka. Mama mmoja akajikinga kwa ishara ya msalaba. Komanda aliinama, akaangalia kwa makini sana.

"Hiyo bisibisi iko na pile ndani," alisema.

"Haina pile wala betri, papa. Igusishe mbao uone."

Aliigusisha mbao, haikuwaka. Akaigusisha sufuria, ikawaka. Aligeuza bisibisi, akaipiga piga kwenye kiganja, akanirudishia.

"Bon. Kama courant inakusumbua, valisha mutoto sapatu." Na kweli, alimtuma mtu sokoni, akaleta jozi ya sapatu za mtoto, za bluu, kubwa kwa miguu yake karibu mara mbili. Alinipa mbele ya watu wote kama mtu anayetoa zawadi ya sikukuu. Watu walimsifu. Mtoto alipiga hatua mbili, akaanguka ndani ya maji kwa mikono.

Hapo nilijua kwamba pale ndani hakuna mtu wa kuzungumza naye tena.

Nilikwenda kwenye ofisi. Ya kwanza ni ya mambo ya mto. Bwana wa pale alisikiliza akichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. "Boti ikiwa majini ni yetu," alisema. "Lakini waya unatoka nchi kavu. Uende kwa watu wa umeme." Kwa watu wa umeme, mama mmoja mwenye kilemba kizuri alisema waya wao unaishia kwenye ukuta wa depo, kinachovuka ukuta hawakijui, na kikiingia majini ndiyo kabisa. Nikarudi kwa bwana wa mto, mtoto mgongoni amelala, jasho lake limelowesha blauzi yangu.

"Wamesema ni yenu."

"Kuna maiti?"

"Hapana."

"Kuna mutu yuko hôpital?"

"Hapana. Nimekuja kabla."

"Mama," alisema, na wala hakusema kwa ubaya, "dossier bila maiti tunaifungua namna gani?"

Niliomba karatasi. Akanipa mbili, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale na sikuonyesha dalili ya kuondoka. Nilianza kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa, J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance, nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkuu, nikaangalia sentensi ile imekaa imenyooka kama mtu aliyevaa suti, na nikaona kwamba mpaka ifike kwenye sufuria mimi nitakuwa nimekufa. Nikaikata kwa mstari. Na kwa Kifaransa ningelazimika kuandika neno terre, wote wangesoma wanachotaka. Niliandika kwa Kiswahili. Bwana alisema hawapokei kwa Kiswahili. Nikamwambia kwamba komanda wa boti anaongea Kiswahili, mto mzima unaongea Kiswahili na Lingala, apokee, na kama kuna anayetaka Kifaransa atafsiri yeye. Nilikuwa nimepandisha sauti. Mtoto aliamka akaanza kulia, na akalia vizuri, kwa nguvu, mpaka watu wa vyumba vingine wakachungulia. Bwana akavuta kisanduku cha muhuri.

Niliandika nakala mbili. Moja ikabaki kwao. Ya kwangu, yenye muhuri wa kupokelewa, iko kwenye bahasha moja na diploma. Inasema hivi. Jina la boti na majina ya watu nimeyaacha hapa. Kule nimeyaandika yote.

*Kwa Mkuu wa ofisi.*

*Mambo: umeme unaopiga watu ndani ya boti iliyofungwa ukingoni.*

*Mimi ni msafiri na muuzaji ndani ya boti hiyo. Ninashitaki mwenye boti na komanda wake.*

*Ndani ya boti kuna frigo inayovuja umeme. Waya ambao ungeupeleka umeme huo kwenye ardhi ya nchi kavu umezikwa ndani ya jiko la kupikia. Hakuna kifaa cha kukata umeme. Kila anayeshika sufuria bila viatu anapigwa. Wamepigwa wanawake watatu ninaowajua na mtoto mmoja, ambaye ni wangu. Mtoto alisema mapema kuliko wote. Mimi mama yake nilimpiga, nikidhani anasema uongo. Ninaliandika hili ili ofisi isije kuniambia kwamba hakuna aliyesema.*

*Komanda ameambiwa mara tatu kwa mdomo na mara moja kwa kuonyeshwa. Amejibu kwa kumshikisha mtoto wangu sufuria hiyo kwa nguvu mbele ya watu. Hilo pia ninalishitaki, peke yake.*

*Ninaomba waya wa kutoka depo ukatwe leo. Ninaomba usirudishwe mpaka chuma kipigiliwe ukingoni, waya wa jikoni utolewe, kifaa cha kukata kifungwe, na frigo itengenezwe au itupwe. Ninaomba groupe na umeme wa mji visiweze kuchomekwa pamoja. Ninaomba boti nyingine zilizofungwa pale ziangaliwe pia, kwa sababu nimeona waya kwenye boti mbili na sijaona chuma ukingoni.*

*Mtu wa ofisi akija, asimwulize komanda. Awaulize wanawake, mmoja mmoja, komanda akiwa mbali.*

*Mizigo yangu bado imo ndani ya boti na sina pesa ya kuihamisha, kwa hiyo mimi na mtoto bado tunalala humo. Ninaandika hivyo ili ijulikane tulikuwa wapi.*